Kutuliza Kemia ya Maji katika Tangi la Matumbawe Nyumbani: Mwongozo Kamili

Kwa muda mrefu sasa nimekuwa nikionyeshwa madaftari ya wafugaji wa matumbawe wa Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa, na karibu yote yanasimulia kisa kimoja. Tangi linaanza vizuri, matumbawe yanachanua kwa miezi miwili au mitatu, kisha siku moja mwenye tangi anapima maji, anakuta ualkali (uwezo wa maji kupinga asidi, unaotokana hasa na bikabonati) umeshuka sana, na anamimina dawa nyingi kwa mkupuo ili aurudishe mahali pake usiku huohuo. Baada ya wiki moja nyama ya tumbawe inaanza kubanduka kutoka kwenye mfupa wake. Tumbawe lingeweza kuvumilia ualkali mdogo kwa wiki kadhaa, lakini mruko ule wa usiku mmoja haliuvumilii.

Mwongozo huu unahusu tangi ambalo tayari limepevuka, yaani amonia na nitriti zimebaki sifuri kwa wiki kadhaa. Nachukulia pia kwamba matumbawe yako ni vipandikizi vilivyokuzwa katika matangi, kwa kuwa kuvunja matumbawe baharini ni kuuharibu mwamba, na matumbawe magumu yanalindwa na mkataba wa CITES katika biashara ya kimataifa. Mahesabu yote yanatumia tangi la lita 200 ambalo, baada ya kuondoa nafasi ya mawe na mchanga, lina maji halisi lita 170. Pima ujazo halisi wa tangi lako, kwa sababu anayepimia dozi kwa ujazo ulioandikwa kwenye kioo huzidisha kila kitu anachotia.

## Vitu unavyohitaji

- Refraktomita ya maji ya bahari, yaani chombo kinachopima chumvi kwa jinsi mwanga unavyopinda majini. Haidromita ya plastiki yenye mshale hudanganywa na kipovu kimoja cha hewa, kwa hiyo sipendekezi uitegemee.
- Vipimo vya matone vya ualkali, kalsiamu, magnesiamu, nitrati na fosfati. Kama fedha ni kidogo, nunua kwanza kizuri cha ualkali.
- Kipimajoto unachokiamini, hita yenye kidhibiti na feni ndogo ya kupuliza juu ya maji.
- Mtambo wa kuchuja maji wa RO (unaosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba) wenye hatua ya mwisho ya resini, pamoja na kipimo cha TDS, yaani jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini.
- Chumvi iliyotengenezwa kwa ajili ya matangi ya matumbawe. Chumvi ya mezani na ile ya mashamba ya chumvi ya Pwani hazifai kabisa kuwa maji ya tangi.
- Bikabonati ya sodiamu safi, ambayo fomula yake ni NaHCO3.
- Kloridi ya kalsiamu ya kiwango cha chakula, CaCl2·2H2O, na kloridi ya magnesiamu, MgCl2·6H2O.
- Mizani ya kidijitali inayosoma sehemu ya kumi ya gramu, sirinji za mililita 5 na 50, ndoo mbili za plastiki ya chakula zisizowahi kuguswa na sabuni, pampu ndogo ya kuchanganyia na daftari.

Kuhusu bikabonati, soma fomula iliyo kwenye pakiti na usitosheke na jina la dukani. Jina la magadi soda hutumika kwa zaidi ya kitu kimoja, na magadi ya kulainishia maharage ni kitu kingine kabisa. Beking pauda nayo ina asidi na wanga ndani yake, na ikiingia tangini huchafua maji bila kuleta faida yoyote.

## Viwango vya kulenga

Joto liwe nyuzi 25 hadi 27 za Selsiasi, na chumvi gramu 35 kwa kilo ya maji. Ualkali uwe kati ya 7.5 na 9 dKH (kizio cha kupimia ualkali), kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, na magnesiamu 1,250 hadi 1,350. Nitrati iwe kati ya 2 na 10, na fosfati kati ya 0.03 na 0.10.

Chagua namba moja ya ualkali ndani ya safu hiyo na ukae nayo. Mimi huchagua 8.0 kwa sababu iko karibu na ile ya bahari, ambayo ni takriban 7, na bado inaacha nafasi ya kosa dogo. Anayekaa 7.6 mwaka mzima ana tangi zuri kuliko yule ambaye wiki hii yuko 8.5 na wiki ijayo 7.4, ingawa wote wawili hawatoki mbali na safu inayotakiwa.

## Hatua ya 1: Kagua vipimo vyako kabla ya kuviamini

Wengi hurekebisha refraktomita kwa maji yaliyochujwa, wakaona sifuri, wakaridhika. Kosa la chombo huweza kujificha huko juu kwenye 35 hata kama sifuri ni sahihi. Yeyusha gramu 36.5 za chumvi ya mezani iliyo kavu katika gramu 963.5 za maji yaliyochujwa. Myeyusho huu hupinda mwanga sawasawa na maji ya bahari yenye chumvi 35, na hapa ndipo mahali pekee ambapo chumvi ya jikoni ina kazi katika shughuli yetu. Weka matone, subiri dakika moja ili joto lilingane, kisha zungusha skrubu hadi mstari usimame kwenye 35.

Kipimo cha ualkali nacho kina mtihani wake. Yeyusha gramu 2.5 za bikabonati katika lita moja ya maji yaliyochujwa, kisha chukua mililita 100 za myeyusho huo na uongeze maji hadi ifike lita moja tena. Myeyusho wa pili una ualkali unaokaribia sana 8.4 dKH. Upime kana kwamba ni maji ya tangi lako.

Dalili ya mafanikio: kipimo kinasoma kati ya 8.1 na 8.7. Kikisoma 9.2, andika kwenye kisanduku chake kwamba kinazidisha kwa 0.8 na uwe unapunguza tofauti hiyo kila mara. Kikikupa majibu tofauti kila unaporudia, kitupe. Vipimo huharibika mapema katika joto na unyevu wa Pwani, kwa hiyo vihifadhi kabatini ndani ya mkebe unaofunga vizuri.

## Hatua ya 2: Anza na maji yasiyo na kitu ndani yake

Maji ya bomba yana klorini, na maji ya visima vingi vya Pwani ni magumu na yana chumvichumvi. Ukiyatumia, unaongeza kalsiamu, nitrati na mengine usiyoyajua kila siku unapojazia. Maji yanayotoka kwenye mtambo wako yasome TDS 0, na yakianza kusoma 3 au 4, badilisha resini bila kungoja zaidi.

Onyo: wapo wanaonunua maji ya betri kwenye vituo vya mafuta kwa kuwa wameambiwa ni maji yaliyotoneshwa. Baadhi ya chupa hizo zina asidi ya salfa, na maumbo ya chupa hayatofautiani sana. Usiyatumie.

Anayeishi karibu na bahari huuliza kama anaweza kuchota maji yenyewe. Inawezekana, mradi achote maji yanapojaa, mbali na gati, mifereji ya maji taka na milango ya mito. Wakati wa masika aache kabisa, maana mito kama Rufiji, Wami na Sabaki humwaga tope na maji matamu mengi baharini. Maji hayo yachujwe, yakae gizani kwenye chombo kilichofunikwa kwa wiki mbili huku pampu ikizunguka, ndipo yapimwe. Kwa anayeanza, hata hivyo, napendelea chumvi ya kuchanganya, kwa kuwa ndoo ya leo itafanana na ndoo ya mwezi ujao.

## Hatua ya 3: Sawazisha chumvi kabla ya kitu kingine chochote

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nayo huharibu hesabu zote zinazofuata. Kila madini yaliyomo tangini hupanda na kushuka pamoja na chumvi. Maji yenye chumvi 31 badala ya 35, hata kama yametengenezwa kwa chumvi bora, yatasoma kalsiamu karibu 370 badala ya 420, na magnesiamu karibu 1,140 badala ya 1,290. Mwenye tangi ataona upungufu wa vitu viwili, atanunua dawa mbili, na ugonjwa wenyewe ni mmoja tu, nao ni maji mepesi.

Kama chumvi iko chini, anza kujazia maji yaliyovukizwa kwa maji ya chumvi 35 badala ya maji matupu. Tangi letu likipoteza lita 3 kwa siku, njia hii hupandisha chumvi kwa takriban 0.6 kila siku, na kutoka 31 hadi 35 itachukua karibu wiki moja. Kama iko juu, toa lita chache za maji ya tangi na uweke maji yaliyochujwa mahali pake, bila kushusha zaidi ya 1 kwa siku.

Dalili ya mafanikio: siku saba mfululizo chumvi inasoma kati ya 34.5 na 35.5. Usiende mbele kabla ya hapo.

## Hatua ya 4: Dhibiti joto na uvukizi pamoja

Msimu wa kaskazi, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, chumba kisicho na kiyoyozi hupita nyuzi 30 bila shida. Joto la bahari la mwaka 1998 liliyapausha matumbawe mengi kuanzia Kenya hadi Tanzania, na tangi dogo hupata joto upesi kuliko bahari. Feni inayopuliza juu ya maji huweza kushusha nyuzi mbili au tatu, ingawa siku zenye unyevu mwingi nguvu yake hupungua. Weka kidhibiti kiiwashe inapofika nyuzi 27, na uzime hita zote zisizo na kidhibiti.

Feni hupooza kwa kuvukiza maji, na chumvi haivukizi. Lita 3 kwa siku zikiachwa wiki nzima bila kujaziwa, tangi letu litapanda kutoka chumvi 35 hadi karibu 40. Kwa hiyo feni na kujazia ni kazi moja. Jazia maji yaliyochujwa kila asubuhi hadi kwenye alama uliyochora kwa wino kwenye kioo, au weka boya la kujazia lenyewe.

Onyo: boya hunasa. Likinasa likiwa wazi, maji yote ya akiba huingia tangini. Akiba ya lita 40 ingeshusha chumvi yetu hadi karibu 28, lakini ya lita 10 ingeishusha hadi 33 tu, na matumbawe huweza kuvuka hapo. Tumia chombo kidogo cha akiba na ukubali kukijaza mara nyingi zaidi.

## Hatua ya 5: Tazama magnesiamu

Magnesiamu huzuia kalsiamu na kaboneti zisishikane ovyo majini na kuganda kwenye pampu na hita. Ikishuka chini ya 1,200, utatia kalsiamu na ualkali bila kuona vikibaki majini, kwa kuwa sehemu yake inageuka kuwa ukoko mweupe kwenye vifaa.

Gramu 8.4 za kloridi ya magnesiamu hupandisha miligramu 10 kwa lita katika lita 100 za maji. Panda kwa 50 kwa siku na usizidi 100. Baada ya kufika 1,300, kipimo kimoja kwa mwezi kinatosha.

## Hatua ya 6: Pima kasi ambayo matumbawe yanakula ualkali

Hapa ndipo moyo wa kazi yote ulipo, na naomba uisome hatua hii taratibu.

Tumbawe hujenga mfupa wake kwa kuunganisha kalsiamu na bikabonati iliyomo majini. Vitu hivi viwili hutumika kwa uwiano usiobadilika: kila ualkali unapopungua kwa 2.8 dKH kwa ajili ya mifupa, kalsiamu hupungua kwa miligramu 20 kwa lita. Akiba ya kalsiamu ni kubwa na ya ualkali ni ndogo, ndiyo maana ualkali huonyesha tatizo mapema zaidi.

Fanya hivi. Hakikisha ualkali uko kati ya 8 na 9. Acha kutia dawa yoyote na usibadilishe maji kwa siku tatu. Pima leo saa mbili usiku, kisha pima tena siku tatu baadaye saa ileile. Saa ni muhimu, kwa sababu matumbawe hujenga zaidi wakati taa zinawaka, na vipimo vya asubuhi na jioni si ndugu wa kulinganishwa.

Tuseme Jumatatu ulipata 8.4 na Alhamisi 7.2. Umepoteza 1.2 kwa siku tatu, yaani 0.4 dKH kwa siku. Katika muda huohuo kalsiamu imeshuka kwa miligramu 9 hivi. Ualkali umepungua kwa asilimia 14 huku kalsiamu ikipungua kwa asilimia 2, kiasi ambacho vipimo vingi vya matone haviwezi kukitambua. Mtu anayepima kalsiamu peke yake ataapa kwamba tangi lake limetulia, na hapo litakuwa linaelekea kubaya.

Rudia jaribio hili wiki inayofuata kabla ya kuiamini namba. Tangi lenye matumbawe laini pekee huenda likatumia 0.1 au pungufu kwa siku, na hilo linahitaji kubadilishiwa maji tu, bila dozi yoyote.

Dalili ya mafanikio: una namba mbili zinazokaribiana, kwa mfano 0.40 na 0.38. Zikitofautiana mno, rudi Hatua ya 1.

## Hatua ya 7: Tengeneza myeyusho miwili na utie kila siku

Kanuni ya kukumbuka ni hii: gramu 3 za bikabonati hupandisha 1 dKH katika lita 100. Tangi letu la lita 170 linalokula 0.4 kwa siku linahitaji gramu 2 kila siku.

Kupima gramu 2 kila siku kunachosha na kuna makosa, kwa hiyo tengeneza chupa mbili. Katika chupa ya kwanza yeyusha gramu 60 za bikabonati, kisha ongeza maji yaliyochujwa hadi ifike lita moja. Katika chupa ya pili yeyusha gramu 52.5 za kloridi ya kalsiamu, nayo ifike lita moja. Nguvu za chupa hizi zimelinganishwa kulingana na uwiano wa mfupa, kiasi kwamba unatia mililita sawa kutoka kila chupa. Kwa tangi letu ni mililita 34 na mililita 34.

Kloridi ya kalsiamu hutoa joto inapoyeyuka, kwa hiyo itie kidogokidogo kwenye maji huku ukikoroga. Pia hunyonya unyevu wa hewa kwa kasi. Ikishaganda na kulowa, gramu ulizopima zina maji ndani yake na chupa yako itakuwa dhaifu kuliko unavyodhani. Funga mfuko wake mara tu unapomaliza.

Onyo kubwa: usichanganye chupa hizi mbili, na usizitie kwa wakati mmoja. Zikikutana zikiwa kali huganda papo hapo kuwa unga mweupe wa chokaa ambao hauna faida kwa tumbawe. Tia ya ualkali asubuhi na ya kalsiamu jioni, polepole, mahali ambapo mkondo wa maji una nguvu.

Kabla ya kuanza dozi ya kila siku, rudisha ualkali kwenye namba uliyoichagua kwa kupanda 0.5 kwa siku, na hata ukiwa na haraka usizidi 1. Mwaka wangu wa pili katika kazi hii nilirudi safari nikakuta ualkali ni 6.1. Niliupandisha hadi 9.8 kabla ya kulala. Akropora tatu, aina ya matumbawe magumu, nilizokuwa nimezilea kwa miezi kumi na minne zilianza kuvuliwa nyama kuanzia chini, na siku ya nane zilikuwa mifupa mitupu. Kipindi chote ambacho ualkali ulikuwa 6.1 zilikuwa hai. Ningepanda kwa siku nane, naamini zingekuwapo hadi leo.

Baada ya wiki ya kwanza ya dozi, pima. Ualkali ukipanda kidogo kila wiki, punguza dozi zote mbili kwa asilimia 10. Ukishuka, ongeza asilimia 10. Usirekebishe zaidi ya mara moja kwa wiki, kwa kuwa kosa la kipimo chenyewe linaweza kuwa 0.2 au 0.3, na ukilifukuza kila siku utalitikisa tangi kwa mikono yako mwenyewe.

Matumizi yataongezeka kadiri matumbawe yanavyokua. Yakipungua ghafla bila wewe kubadilisha dozi, lichukulie jambo hilo kama homa ya mtoto. Tumbawe limeacha kujenga, na sababu huwa mara nyingi ni joto, chumvi au fosfati. Punguza dozi siku hiyohiyo, kisha tafuta chanzo.

### Kuhusu maji ya chokaa

Wengine hutumia chokaa iliyozimwa, Ca(OH)2, kwa kuiyeyusha katika maji ya kujazia. Ni jamii ya chokaa inayopakwa kwenye tambuu, lakini ile ya tambuu na ile ya kujengea zote mbili si safi vya kutosha. Njia hii huleta kalsiamu na ualkali kwa pamoja na kuinua pH, ndiyo maana inapendwa.

Hesabu yake, hata hivyo, inahitaji uangalifu. Maji yaliyoshiba chokaa yana takriban gramu 1.7 kwa lita, na lita 3 za maji hayo zingepandisha ualkali wa tangi letu kwa zaidi kidogo ya 2 dKH kwa siku moja, zaidi ya mara tano ya tunachohitaji. Tangi letu linataka gramu 0.9 tu kwa siku katika lita hizo 3. pH ya maji yaliyoshiba chokaa hupita 12 na huunguza ngozi na macho, na boya likinasa likiwa na chokaa ndani, madhara ni makubwa kuliko ya maji matupu. Kwa mwaka wa kwanza nakushauri ubaki na chupa mbili.

## Hatua ya 8: Badilisha maji bila kuvuruga ulichokijenga

Asilimia 10 kwa wiki inatosha, yaani lita 17 kwetu. Kutia chupa mbili huacha chumvi ya kawaida majini taratibu, na kubadilisha maji ndiko kunakoiondoa.

Vingirisha mfuko wa chumvi kabla ya kuchota, kwa sababu punje nzito huzama chini wakati wa safari. Tia chumvi kwenye maji na usifanye kinyume chake, kwani maji machache juu ya chumvi nyingi hugandisha kalsiamu. Anza na gramu 36 hivi kwa lita, acha pampu ikizunguka saa 24, kisha pima na urekebishe.

Pima ualkali wa maji mapya pia. Baadhi ya chumvi hutoa 7 au 8, na nyingine hufika 12. Ukibadilisha asilimia 10 kwa maji ya 12 katika tangi la 8, ualkali hupanda 0.4, kiasi kinachovumilika. Ukibadilisha nusu ya tangi kwa maji hayohayo, umeupandisha kwa 2 ndani ya dakika ishirini.

Dalili ya mafanikio: ualkali uliopimwa saa moja kabla na saa moja baada ya kubadilisha haupishani zaidi ya 0.4, na matumbawe yanachanua tena jioni ileile.

## Hatua ya 9: Usifute nitrati na fosfati

Vitu hivi ni chakula. Vikizidi, mwani hufunika mawe. Vikifika sifuri, matumbawe hupauka na ute wa kahawia hutanda mchangani. Wafugaji wengi wameshuhudia ncha za matumbawe zikiungua pale ualkali wa 9 au zaidi unapokutana na maji yasiyo na chakula, kwa hiyo kama fosfati yako haionekani kwenye kipimo, shusha lengo la ualkali liwe 7.5. Lisha samaki zaidi kidogo kabla ya kufikiria dawa.

## Hatua ya 10: Iache pH

pH hupanda mchana mwani ulio ndani ya matumbawe unapotumia hewa ya ukaa, na hushuka usiku. Kutoka 7.9 alfajiri hadi 8.3 jioni ni mwendo wa kawaida. Usinunue unga wa kupandisha pH, kwani mwingi wake hupandisha ualkali na kuvunja kazi ya Hatua ya 7. Kama inabaki chini ya 7.8, fungua madirisha. Vyumba vyenye kiyoyozi vinavyofungwa usiku kucha hujaa hewa ya ukaa kutoka kwenye pumzi za waliolala, na hewa hiyo huingia majini.

## Hatua ya 11: Umeme ukikatika, au ukisafiri

Weka pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe. Oksijeni huisha kabla ya kemia kuharibika, na samaki wanaokufa ndio huleta amonia. Kama unatumia pampu za kutia dozi, ziunganishe kwenye waya uleule wa pampu kuu, ili zisimame pamoja nayo na dawa isirundikane mahali pamoja penye maji yaliyotulia.

Ukisafiri, jaza sirinji za kila siku mapema, zifunge kwa tepu zikiwa zimeandikwa siku na saa, za ualkali kwa rangi moja na za kalsiamu kwa rangi nyingine. Mfundishe dada au jirani anayebaki mambo mawili tu, yaani kutia sirinji ya siku husika na kujazia maji hadi kwenye alama. Vipimo asiviguse. Mwambie pia kwamba akisahau siku moja asitie mbili kesho yake.

Ukirudi, au umeme ukirejea baada ya saa nyingi, pima joto, kisha chumvi, kisha ualkali, kwa mpangilio huo. Dozi zilizopotea usizilipe kwa pamoja. Anza tena na dozi ya kawaida siku hiyohiyo, na pengo lililobaki ulizibe kwa 0.5 dKH kwa siku hadi namba yako irudi.